Mahali Pasipochorwa: Michoro ya Milima ya Kichina na Ukimya wa Mungu

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye nyumba ya msiba. Mtoto wa miaka sita alikuwa amefariki baada ya kuugua siku tatu tu. Niliingia ndani pamoja na wazee wa kanisa wawili, akina mama wakatupisha, nikafungua Biblia, nikasoma, kisha nikaanza kusema. Nilisema mengi. Katikati ya maneno hayo nikatamka lile ambalo karibu sote tumelitamka msibani: kwamba sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Mama wa mtoto akainua uso, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo, Mchungaji, Mungu angempenda kidogo tu, mwanangu angekuwa hai?"

Sikuwa na jibu. Kwa kuwa sikuwa na jibu, niliongeza maneno. Nilieleza kuhusu mapenzi ya Mungu, kuhusu maua na mtunza bustani, kuhusu mambo tutakayoyafahamu huko mbele. Yule mama aliinamisha kichwa tena, wala hakuniuliza kitu kingine.

Nilianza kulielewa kosa langu mahali ambapo sikutarajia, yaani kwenye kitabu cha picha. Nilikiona mara ya kwanza nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia. Kilikuwa kitabu kikubwa cha michoro ya kale ya Kichina katika maktaba ya chuo, na mimi nilikifunua kwa haraka nikakirudisha, nikamwambia mwenzangu kwamba hawa watu hawakumaliza kuchora. Nusu ya kila ukurasa ilikuwa tupu! Majuma machache baada ya msiba ule nilirudi chuoni kwa semina ya wachungaji, nikakikuta kitabu kile kile kwenye rafu ile ile. Safari hii nilikaa nacho. Baadaye nimesoma zaidi juu ya wachoraji hao na kanuni zao za kupanga picha, na ninataka kuwaeleza wasomaji nilichokiona, pamoja na pale ambapo, kama Mkristo, siwezi kuwafuata.

Milima na maji

Wachina huita uchoraji wa aina hii shanshui, maana yake milima na maji. Mchoraji alitumia brashi na wino mweusi juu ya hariri au karatasi. Rangi, kama ilikuwepo, ilikuwa hafifu. Katika karne ya 6 mhakiki aitwaye Xie He aliorodhesha kanuni sita za kupimia mchoro. Ya kwanza inadai uhai: mchoro uwe na pumzi inayotembea ndani yake. Ya tano inahusu mpangilio, yaani kuamua kila kitu kikae wapi. Xie He alikuwa akipima hasa michoro ya watu, lakini waliokuja baada yake waliichukua kanuni hiyo wakaipeleka milimani.

Kabla yake aliishi Zong Bing (375–443), mtu aliyependa kupanda milima. Alipozeeka na kuugua, miguu ikakataa, naye akaichora milima yake kwenye kuta za chumba ili aitembelee akiwa ameketi. Aliandika maelezo mafupi kuhusu jinsi kitu kikubwa mno kinavyoweza kukaa kwenye kitambaa kidogo: ukiuangalia mlima kutoka mbali, wote unaenea kwenye nafasi ndogo sana mbele ya jicho lako. Kwa hiyo mstari mfupi wa brashi unaweza kusimama badala ya genge refu. Nawaza juu ya wazee wetu walio vitandani, wasioweza tena kufika ibadani. Mzee huyu wa China, ambaye hakulijua jina la Kristo, aliielewa haja yao: mtu asiyeweza kuuendea mlima anahitaji mlima umjie chumbani.

Aliyeyapanga mafundisho haya kwa upana ni Guo Xi, mchoraji wa ikulu katika karne ya 11, wakati wa nasaba ya Song. Mawazo yake yalikusanywa na mwanawe, Guo Si. Mwana huyo anasimulia kwamba baba yake alipotaka kuchora, aliketi karibu na dirisha lenye mwanga, meza ikiwa safi, akafukiza ubani, akanawa mikono na kusafisha kijiwe cha wino, kama mtu anayempokea mgeni mheshimiwa. Nilipoyasoma hayo niliona aibu, nikikumbuka mahubiri niliyoyaandika Jumamosi usiku huku simu ikiita kila dakika.

Guo Xi alifundisha kwamba mlima una umbali wa namna tatu. Umbali wa juu ni pale unaposimama bondeni na kuinua macho hadi kileleni. Umbali wa kina ni pale unapochungulia kutoka mbele ya mlima, kupitia mabonde, hadi milima iliyo nyuma yake. Umbali wa tambarare ni pale unapoangalia kutoka mlima ulio karibu hadi milima iliyo mbali kabisa, nchi ikiwa imetandazwa mbele yako. Mchoro mmoja unaweza kubeba namna zote tatu. Hapa ndipo unapotofautiana na picha ya kamera. Kamera husimama mahali pamoja, mara moja. Mchoro wa Guo Xi unamtaka mtazamaji atembee: ainue macho, achungulie, ageuke, asonge mbele. Yeye mwenyewe alisema ipo michoro ya kupita, ipo ya kutazama, ipo ya kutembelea taratibu na ipo ya kuishi ndani yake, na kwamba hizo mbili za mwisho ndizo bora.

Kisha akatoa kanuni ambayo ilinisimamisha. Mlima ukiuonyesha wote, kutoka chini hadi kileleni, hautaonekana mrefu. Uzungushie ukungu kiunoni, nao utapanda juu. Vivyo hivyo mto: ukiuchora wote bila kukatiza, utaonekana mfupi, uufiche hapa na pale, nao utakwenda mbali. Wanaoishi Machame au Marangu, wanaouona mlima asubuhi ukiwa umejifunga wingu kiunoni na Kibo kikielea juu peke yake, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kanuni hii inaonekana katika mchoro wake maarufu wa mwaka 1072, uitwao Mwanzo wa Majira ya Kuchipua, ambao sasa uko Taipei, Taiwan, katika Makumbusho ya Kasri ya Taifa. Ni gombo la kutundikwa, lenye urefu wa sentimita 158 hivi. Mlima unapinda katikati kama kiumbe kinachoamka, bonde linatambaa mbali upande wa kushoto, na kati ya miamba kuna ukungu. Ukungu huo haukuchorwa. Ni hariri yenyewe iliyoachwa. Wachina wa leo wana neno kwa jambo hili: liubai, yaani kuacha weupe. Si kwamba brashi ilichoka. Mchoraji aliamua kwamba hapo asiguse.

Wasafiri na jina lililofichwa

Mchoro ninaoupenda kuliko yote umetangulia huo kidogo. Ni kazi ya Fan Kuan, aliyefanya kazi karibu na mwaka 1000. Unaitwa Wasafiri Kati ya Milima na Vijito, nao pia uko Taipei. Gombo hili lina urefu wa zaidi ya mita mbili na upana wa mita moja hivi. Mlima mmoja mkubwa umechukua karibu theluthi mbili za juu, umesimama mbele yako kama ukuta. Upande wa kulia maporomoko ya maji yanashuka, membamba kama uzi. Chini kabisa kuna njia, na kwenye njia hiyo unapita msafara mdogo wa nyumbu wa mizigo (nyumbu wa Biblia, si wale wa Serengeti) pamoja na watu wao. Unaweza kuutazama mchoro kwa muda mrefu kabla hujawaona.

Mpangilio wake ni wa sehemu tatu. Chini kuna njia, miamba na miti. Juu kuna mlima. Katikati kuna ukungu, yaani hakuna kitu. Jaribu kupanda kwa macho kutoka kwenye njia hadi kwenye mlima: utafika kwenye miti, na hapo ardhi inaisha. Hakuna daraja wala ngazi. Mchoraji mdogo angeona wasiwasi, angechora kijinjia ili atuunganishe. Fan Kuan hakufanya hivyo. Aliuacha mlima uwe mlima na wasafiri wawe wasafiri. Hata hivyo, hakuwadharau. Msafara wake hauogopi. Una mizigo ya kufikisha, nao unaendelea na safari yake chini ya ukuta ule. Mwandishi wa Zaburi ya 8 alijiuliza swali lile lile alipoinua macho usiku: binadamu ni nani hata akumbukwe?

Kuna jambo jingine. Kwa karne nyingi watu walisema kwamba Fan Kuan hakuweka jina lake kwenye kazi hii. Mwaka 1958 mtafiti mmoja wa makumbusho aliliona: herufi ndogo zimefichwa katikati ya majani ya miti, upande wa kulia, karibu na nyumbu. Mtu aliyechora mlima ule aliliweka jina lake vichakani, pamoja na wabeba mizigo. Sina haja ya kuwahubiria washarika kuhusu mabenchi yetu, kengele zetu na vibao vya marumaru vyenye majina ya waliochangia. Naomba tu kila mmoja wetu ajiulize, tukichora sisi, jina lingekaa wapi.

Mtumbwi mmoja katika ziwa

Mwaka 1127 nasaba ya Song ilipoteza nusu ya kaskazini ya nchi yake kwa wavamizi, na ikulu ikahamia kusini, hatimaye ikakaa katika mji unaoitwa leo Hangzhou. Michoro nayo ikabadilika. Mlima ule mkuu wa katikati ukaondoka. Ma Yuan, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, alipewa jina la utani, Ma wa Kona Moja, kwa sababu alizoea kuweka uzito wote wa mchoro upande mmoja na kuuacha upande mwingine wazi. Baadaye wapo waliosema kwamba mapengo yale ni nchi iliyopotea.

Unaohusishwa na Ma Yuan ni mchoro mdogo wa mvuvi katika ziwa wakati wa baridi, unaohifadhiwa Tokyo. Kuna mtumbwi mmoja, mtu mmoja aliyejikunyata na mshipi wake wa kuvulia, na mistari michache hafifu ya mawimbi karibu na mtumbwi. Basi. Kinachobaki chote ni hariri tupu. Lakini hakuna anayeutazama akaona hariri. Wote tunaona maji, tena maji mengi, ya baridi.

Je, maji hayo yametoka wapi? Yametoka kwenye mtumbwi. Ufunike mtumbwi kwa kidole, na kinachobaki ni kipande cha kitambaa cha kale. Uondoe kidole, na kitambaa kinakuwa ziwa tena. Kwa hiyo nafasi tupu haijitegemei. Inategemea kile kidogo kilichochorwa kwa uhakika, mahali pake. Kama Ma Yuan angeuchora mtumbwi kwa kusitasita, tusingepata mtumbwi wala ziwa. Hili ndilo somo kuu nililolipata kwa wachoraji hawa, na nitalirudia baadaye: anayetaka kuacha weupe ni lazima kwanza ajue kuchora.

Ni Zan (1301–1374) alikwenda mbali zaidi. Aliishi katika miaka ya vita, aliiacha mali yake, na kwa miaka mingi alitangatanga majini kwa mashua. Mchoro wake wa mwaka 1372, wa chumba cha kusomea kiitwacho Rongxi, una miti michache myembamba chini, kibanda kisicho na mtu, kisha maji mapana ambayo hayakuchorwa kabisa, na vilima vya chini kwa mbali juu. Watu hawamo. Kibanda kinangoja, wala hatuambiwi kinamngoja nani. Mtu aliyefiwa akiutazama mchoro huu ataujua, kwa sababu nyumbani kwake kuna kiti kama kibanda kile.

Maandishi ya mfalme

Katika karne ya 18 China ilitawaliwa na mfalme Qianlong, mkusanyaji mkubwa wa michoro ya kale. Alipenda kuandika mashairi yake mwenyewe juu ya kazi alizozimiliki na kuzigonga mihuri. Aliandika pia kwenye Mwanzo wa Majira ya Kuchipua wa Guo Xi, na ukiutazama leo utayaona maandishi yake katika anga, sehemu ya juu, pale ambapo mchoraji alikuwa hakuweka kitu.

Ni lazima tuwe waangalifu tusimhukumu kwa desturi zetu. Kwa Wachina wasomi, kuandika shairi kwenye mchoro halikuwa kosa. Lilikuwa namna ya kuzungumza na marehemu na kuonyesha heshima. Wachoraji wenyewe waliandika, na marafiki zao pia. Maandishi mengine yanakaa vizuri sana, kana kwamba nafasi iliachwa kwa ajili yake. Lakini Qianlong aliandika mno, na juu ya kazi nyingi mno. Mfalme aliona mahali pasipo na kitu, akadhani panamsubiri yeye.

Nilipoiona anga ile yenye maandishi, nilijiona mwenyewe kwenye nyumba ya msiba. Mungu alikuwa amenyamaza. Mama alikuwa amenyamaza. Nami nilitoa brashi yangu, nikaandika shairi katika anga ya Mungu, nikagonga na mhuri: amempenda zaidi.

Pale ninapotofautiana nao

Wapo watakaosema, basi Mchungaji anatufundisha dini ya Kichina. Hapana. Ninaona mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni kwamba mlima si Mungu. Guo Xi aliulinganisha mlima mkubwa na mfalme aliyeketi, na vilima vidogo na watumishi waliomzunguka. Mpangilio wa namna hiyo unapendeza machoni pa ikulu, lakini pia unaweza kumfundisha mnyonge akae chini na aone ni sawa. Zaburi ya 121 inainua macho kuelekea milimani, kisha inakataa kuishia hapo: msaada unatoka kwa yeye aliyeiumba mbingu na nchi, na hiyo milima ikiwemo.

Mpaka wa pili unahusu nafasi tupu yenyewe. Nyuma ya michoro hii kuna mafundisho ya Tao na ya Wabuddha, ambayo utupu ndani yake una heshima kubwa. Katika mafundisho ya Tao, kuwapo kwa vitu kunatoka katika kutokuwapo. Ni wazo zito, nami silicheki. Lakini utupu huo hauna uso. Haumjui mama kwa jina lake. Mtu anaweza kutulia ndani yake, ila hawezi kuulilia.

Mpaka wa tatu ni ule ukungu wa Fan Kuan. Nimesema kwamba hakuna njia ya kupanda kutoka kwa wasafiri hadi mlimani, na hapo namsifu. Luther alifundisha hivyo hivyo huko Heidelberg mwaka 1518: anayejaribu kumpanda Mungu kwa akili na matendo, akiutafuta utukufu wake uchi, amepotea. Lakini katika mchoro wa Fan Kuan hakuna pia anayeshuka. Wasafiri wanapita, mlima unabaki, na ukungu unakaa kati yao milele. Injili inasema jambo ambalo mchoro huu hauwezi kulisema: kuna aliyeuvuka ukungu kutoka upande wa pili. Alikuja chini kwenye njia, akawa mmoja wa wale wadogo wenye mizigo, akafa kwenye kilima kifupi nje ya mji. Barua kwa Wakolosai inamwita sura ya Mungu asiyeonekana. Mungu wetu hakuachia weupe kila mahali. Mahali pamoja alichora kwa wino mzito, tena kwa damu.

Kunena na kuacha

Tukiiweka mipaka hiyo, kanuni ya wachoraji inaturudia ikiwa na nguvu zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati 29:29 Musa anawagawia Israeli mambo mawili: kuna ya siri, ambayo ni ya Bwana, na kuna yaliyofunuliwa, ambayo ni yetu na ya watoto wetu. Luther aliishikilia tofauti hiyo mwaka 1525 alipomjibu Erasmus. Mungu katika siri ya enzi yake, alisema, hatukupewa tumchunguze. Tumepewa Mungu aliyejivika Neno lake, aliyezaliwa na kusulubiwa. Kwa hiyo mhubiri ana wajibu wa aina mbili: aseme bila kusita pale Mungu aliposema, na aweke brashi chini pale Mungu aliponyamaza.

Tunakosea pande zote mbili. Wapo wanaojaza kila mahali. Kila ugonjwa una sababu wanayoijua, kila kifo kina aliyekisababisha, kila biashara iliyoanguka ina laana iliyotoka kwa bibi fulani kijijini. Watu wetu huwakimbilia kwa sababu hawaachi pengo, na wengi wamerudi wakiwa wamewachukia shangazi na majirani zao kwa ajili ya maelezo waliyopewa. Lakini hata sisi Walutheri tunajaza, kwa namna ya upole zaidi. Maneno yetu ya msibani ni ya adabu, ila mara nyingi yanampa Mungu kauli ambazo hakuzitoa.

Upande wa pili wapo wanaoacha kila mahali pakiwa wazi. Wanasema Mungu ni fumbo, kisha wanakaa. Hawa ni kama mtu aliyetundika hariri tupu akasema ni ziwa. Bila mtumbwi hakuna ziwa. Bila msalaba na kaburi lililo wazi, bila ubatizo na mkate na divai, ukimya wetu si unyenyekevu. Ni kukosa la kusema.

Biblia yenyewe imepangwa kwa hekima hii. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hadi hapo walikuwa wachungaji wazuri. Walipofungua vinywa kumwelezea Mungu, waliharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe anawakemea. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Hakuna mkono uliothubutu kuiongezea mstari wa faraja. Na kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka kuna Jumamosi. Luka, aliyetueleza mengi ya Ijumaa, anasema tu kwamba siku ya sabato wale wanawake walipumzika kama ilivyoamriwa. Siku nzima ya Mwana wa Mungu kaburini imeachwa karibu nyeupe. Lakini imewekwa kati ya siku mbili zilizochorwa kwa uhakika, na kwa sababu hiyo tunaweza kuivumilia.

Naomba mambo mawili kwa sharika zetu. La kwanza, ile nafasi ya kimya katika ungamo la dhambi tuiache iwe kimya kweli, si pumzi moja kabla ya kiongozi kuendelea. La pili, wazee wa kanisa na vikundi vya faraja tunaokwenda msibani tukubaliane kabla ya kuingia: tutasoma Neno, tutasema lile tunalolijua kwa sababu ya Kristo, na yaliyobaki tutakaa.

Nilirudi kwa yule mama miezi miwili hivi baada ya maziko. Nilimwambia, "Mama, swali lako la siku ile sina jibu lake, na maneno niliyokujibu hayakuwa ya Mungu. Naomba unisamehe. Ninalolijua ni hili: mwanao alibatizwa, na Kristo aliyemshika siku ile hajamwachilia." Kisha nikanyamaza, na ilikuwa vigumu kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kutoa. Aliinuka akaleta chai. Tuliinywa. Baada ya muda mrefu akaanza kunisimulia jinsi mtoto alivyozoea kuwafungulia kuku asubuhi kabla hajatumwa, na kuwaita kila mmoja kwa jina alilompa mwenyewe. Alinitajia majina yote. Jua lilipokaribia kuzama akaniomba nisali. Nilisali Baba Yetu, naye akaisali pamoja nami, tukaishia hapo.